Kijana wa Kathiani akishikwa na misokoto mitatu, tufanye nini?

(Haya ni maneno yaliyosemwa Kathiani, Kaunti ya Machakos, mbele ya wazee, akina mama na vijana. Tumeyaweka hapa ili wewe ambaye hukuwepo uyasome, na ukimaliza umsomee jirani.)



Nitaanza na swali, na naomba ulijibu kimoyomoyo kabla hatujaendelea. Kijana wa jirani yako, tuseme wa Mitaboni ama wa Kaani, ameshikwa na polisi jioni akiwa na misokoto mitatu ya bangi mfukoni. Hakuiba. Hakumpiga mtu. Hakuwa na kisu. Anavuta, basi. Kesho asubuhi anapelekwa kortini. Adhabu yake ikiisha, ungependa arudi kijijini akiwa mtu wa aina gani?

Angalia, sikukuuliza kama bangi ni nzuri. Kwa hilo nadhani hapa hatutofautiani. Mama ambaye amerudi kutoka sokoni akakuta sufuria zake zimeuzwa, hahitaji mimi nitoke Pwani nije kumwambia dawa za kulevya ni nini. Mimi naulizia siku ya kurudi. Kwa sababu atarudi. Misokoto mitatu haimfungi mtu maisha. Atashuka matatu pale pale steji, atapita njia ile ile, atalala nyumba ya pili kutoka kwako. Kwa hivyo jela si mwisho wa hadithi yake na wewe, ni katikati tu.

Sasa nikueleze mambo yanavyokwenda, manake wengi tunasikia tu "amefungwa" bila kujua alifungwaje.

Sheria inayohusika ni ile ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya. Hapo mwanzo, mtu aliyepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe angeweza kufungwa hadi miaka 10. Mwaka 2022 Bunge likairekebisha. Leo, bangi ya matumizi yako mwenyewe inaweza kukupa kifungo kisichozidi miaka 5, ama faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini ni wewe mshtakiwa unayetakiwa kuiridhisha korti kwamba ilikuwa yako ya kutumia na si ya kuuza. Ukihesabiwa kuwa mlanguzi, ni habari nyingine kabisa, hapo faini zinahesabiwa kwa mamilioni na miaka inakuwa mingi. Na heroini na dawa nyingine kali zina adhabu nzito kuliko bangi.

Haya, twende kortini. Karani anasoma mashtaka. "Ni kweli ama si kweli?" Kijana amelala seli, hajaoga, hajala, hana wakili, na kuna mtu amemwambia akikubali atamalizana na hiyo kesi leo leo. Anasema, "Ni kweli." Hakimu ana mafaili mengi mezani. Anauliza kama kijana ana la kujitetea. Kijana anasema, "Naomba msamaha." Nyuma yake hakuna mzazi, hakuna mzee, hakuna mtu yeyote aliyekuja. Hakimu anatoa faini ya elfu kadhaa, na akishindwa kulipa, miezi kadhaa ndani. Kijana hana hizo pesa. Jioni anapanda karandinga.

Na siku hiyo hiyo, kosa hilo hilo, kijana mwingine baba yake ametuma pesa kwa simu. Huyo anakula chakula cha jioni nyumbani. Niambie basi, huyu wa kwanza amefungwa kwa sababu ya bangi, ama amefungwa kwa sababu ya umaskini? Ukaguzi wa mfumo wetu wa haki ya jinai, uliotolewa mwanzoni mwa 2017, ulisema jambo ambalo mwananchi wa kawaida alikuwa akilijua siku zote, kwamba wanaokamatwa, wanaoshtakiwa na wanaofungwa wengi wao ni maskini, na makosa mengi ni madogo madogo.

Huko ndani kuna nini? Kwanza kuna msongamano. Kwa miaka mingi magereza ya Kenya yamekuwa yakibeba watu wengi kupita nafasi iliyojengwa, na sehemu kubwa ya hao ni mahabusu ambao kesi zao bado hazijaamuliwa. Kijana wa misokoto mitatu analala ubavu kwa ubavu na mtu aliyevunja maduka. Aliingia akijua kuvuta, atatoka akijua mengine. Pili, jela si hospitali. Kama kweli amezoea dawa hata hawezi kukaa bila hizo, ukuta haumtibu. Na usidhani ukuta unazuia dawa zisiingie. Tatu, kuna gharama. Serikali inamlisha kwa kodi yako, na mama yake anauza kuku ili apate nauli ya kwenda kumwona.

La nne ndilo linaloumiza kwa muda mrefu zaidi. Akitoka, ana rekodi. Anakwenda kutafuta kazi Athi River, kiwandani ama kampuni ya walinzi, na cha kwanza anachoulizwa ni kile cheti cha polisi tulichozoea kukiita cheti cha tabia njema. Alama za vidole vyake zinasema alihukumiwa. Mlango umefungwa. Sasa wewe uliyetaka aache bangi ashike kazi, umemwachia njia gani?

Ndugu yangu, najua unachofikiria. Unasema, "Huyu mtu wa haki amekuja kutuambia vijana waachiliwe wavute watakavyo." La. Sikiliza kwanza.

Sheria zetu wenyewe, zilizopitishwa hapa hapa Kenya, zinampa hakimu njia nyingine kando na jela. Wala si mpya. Zipo, ila hazijulikani, na njia usiyoijua huwezi kuiomba.

Njia ya kwanza iko kwenye Kanuni za Adhabu, kifungu cha 35. Kwa kosa dogo, na kwa kuangalia umri wa mtu, afya yake na mazingira ya kosa, hakimu anaweza kumwachilia bila adhabu, ama kumwachilia kwa sharti kwamba asirudie kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Akirudia, anaitwa kujibu kosa jipya na lile la zamani pia.

Njia ya pili ni probesheni. Sheria yake ni Sura ya 64. Hapa mtu anarudi nyumbani lakini yuko chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Anapewa masharti, ya mahali pa kuishi, ya kujiepusha na ulevi, na kwenda kuripoti. Na kuna jambo moja hapa ambalo kila mzazi alishike. Sheria hiyo inamruhusu hakimu, hata akiona kosa limethibitishwa, kumweka mtu kwenye probesheni bila kuandika hukumu ya hatia. Unaona tofauti? Kijana anasimamiwa, anarekebishwa, na kesho anapoomba kazi hana doa lile nililolitaja.

Njia ya tatu ni huduma kwa jamii, kwa sheria ya mwaka 1998. Hii ni kwa mtu ambaye kosa lake lina kifungo kisichozidi miaka 3, ama ambaye sheria inaruhusu zaidi lakini hakimu anaona miaka 3 au chini yake inamtosha. Kwa hivyo bangi ya kuvuta mwenyewe, ingawa inafika miaka 5 kwenye karatasi, inaweza kuingia hapa. Badala ya kwenda jela, anafanya kazi ya umma bila malipo, na kazi zenyewe zimeandikwa kwenye sheria: barabara, kupanda miti, kuhifadhi mazingira, miradi ya maji, kukarabati shule na hospitali za umma, kazi katika makao ya mayatima. Lazima mwenyewe akubali. Akiacha kufika kazini, korti inaweza kuifuta amri hiyo na kumpa adhabu nyingine, pamoja na jela.

Njia ya nne iko ndani ya sheria yenyewe ya dawa za kulevya, kifungu cha 58. Kinasema mtu akipatikana na hatia, na korti ikiridhika kwamba ni mraibu na dawa alizopatikana nazo ni za matumizi yake tu, korti inaweza kuagiza sehemu ya kifungo chake aitumikie katika kituo cha kurekebisha waraibu. Sehemu ya kifungo. Maana yake bado unahukumiwa kwenda jela kwanza, halafu ndiyo utibiwe. Ni nusu ya njia, na sisi tunadai njia nzima. Lakini hata hiyo nusu, ni waraibu wangapi wamewahi kuambiwa kwamba ipo?

Kama njia zipo, kwa nini vijana wetu bado wanajaza magereza? Sababu ni nyingi, na zingine ziko serikalini, nitazifikia. Lakini sababu moja iko mikononi mwetu, na ndiyo iliyonitoa kwetu nikaja hapa.

Kabla hakimu hajatoa amri ya huduma kwa jamii, sheria inamtaka apate ripoti ya afisa. Kwa probesheni pia ni hivyo, hakimu hutegemea ripoti. Afisa anafunga safari anakuja kijijini. Anauliza: huyu ni mtoto wa nani? Nyumbani kukoje? Ana kazi? Aliacha shule wapi? Amewahi kusumbua? Anazungumza na wazazi, na chifu ama naibu wake, na mzee wa Nyumba Kumi, na majirani. Yaani anazungumza na wewe. Kisha anaandika, na hakimu anasoma.

Sasa wewe ukiulizwa ukasema, "Aah, mpelekeni tu, tumechoka naye," afisa ataandika kwamba jamii haimtaki. Hakimu atamrudisha wapi? Familia ikikataa hata kupokea simu, hakimu atamweka chini ya ulinzi wa nani? Hapo karandinga inawashwa, na funguo tumewapa sisi.

Na ukisema kweli yote, "Anavuta, ndiyo, na mwaka huu amezidi, lakini ni mchapakazi wakati wa kuchuma kahawa, na mjomba wake yuko tayari kukaa naye, na shule ya msingi ina vyoo vinavyohitaji kukarabatiwa," umempa hakimu kitu cha kushika. Hutakiwi kudanganya. Ripoti ya uongo inaharibu, kwa sababu mwaka ukiisha na kijana ameharibika zaidi, afisa hatakuamini tena wewe wala kijiji chako. Sema mabaya yake, na useme pia mnaloweza kufanya naye.

Wazee wa hapa, ninyi mnajua jambo hili kuliko mimi. Kabla ya wakoloni, Wakamba hawakuwa na jela. Mtu akikosa, wazee wa nzama walikaa, wakapima kosa, wakaamua fidia, na mkosaji akabaki katika utui wake mbele ya macho ya watu. Kumwondoa mtu kwao na kumficha mbali kulikuwa mtindo wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938, watu wa Machakos walipokataa kunyang'anywa ng'ombe wao na wakaandamana hadi Nairobi, mkoloni alimchukua kiongozi wao Muindi Mbingu akamtupa Lamu, huko kwetu Pwani. Alidhani ukimwondoa mtu umeondoa shida. Shida ilibaki pale pale.

Na mna neno moja ambalo ningependa hakimu yeyote anayekuja kufanya kazi huku alijue: mwethya. Milima hii ya Iveti ina matuta yaliyochimbwa kwa majembe na mikono ya wazazi wenu, watu wakienda shamba la huyu leo na la yule kesho. Dunia nzima imesoma jinsi Machakos ilivyookoa udongo wake. Basi hebu niambie, huduma kwa jamii ina tofauti gani kubwa na mwethya? Kijana aliyekosa asimame mbele ya watu waliomlea, achimbe mtaro, apande miti, azibe korongo, na watu wamwone akifanya. Wengine mtasema hiyo ni adhabu ndogo. Mimi nasema mjaribu. Kukaa jela hakuna anayekuona. Kufagia hospitali ya Kathiani huku mwalimu wako wa darasa la nne anapita akikusalimia kwa jina, hiyo si kazi ya mtu mwenye moyo mwepesi.

Sasa nijibu wasiwasi wenu, maana najua upo.

Mmoja ataniuliza, "Na wale wanaouza?" Anayefanya biashara, anayeuza kwa watoto wa shule, analeta mzigo kwa gunia, huyo simzungumzii leo, na sheria ina mahali pake. Ninachoomba ni kwamba tusimweke mvutaji kwenye kapu lake. Hata kwa walanguzi, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2014 kwamba kifungo cha maisha kilichokuwa kwenye sheria ni kiwango cha juu kabisa, wala hakimu halazimiki kukitoa kwa kila mtu. Korti inatakiwa ipime mtu na kosa lake. Na kupima kunahitaji habari, na habari ziko kwenu.

Mwingine atasema, "Lakini hawa ndio wanaoiba kuku." Kama ameiba, ashtakiwe kwa wizi, na mwenye kuku alipwe. Jela haikulipi kuku wako. Amri ya korti inayomtaka afanye kazi na akulipe fidia, hiyo angalau inakukumbuka na wewe.

Wa tatu atasema, "Jela inatisha, na hofu inazuia wengine." Inatisha kweli. Lakini angalia hofu hiyo inafanya kazi gani pale barabarani usiku. Kijana akijua misokoto mitatu ni jela, atatoa chochote alicho nacho ili asifike kituoni. Hofu ya jela ndiyo mtaji wa kitu kidogo. Asiye na cha kutoa ndiye anayefika kortini. Ndiyo maana magereza hayajai watoto wa wakubwa.

Niwaambie kidogo ya kwetu, kwa sababu Pwani tulijifunza kwa uchungu. Heroini, sisi tunaiita unga, iko Mombasa, Malindi na Lamu kwa miongo sasa. Kwa muda mrefu jibu letu lilikuwa msako na karandinga. Vijana tuliowaita mateja walishikwa, wakafungwa, wakatoka, wakarudi maskani. Wengine walirudi na virusi vya ukimwi kwa kudungana sindano moja. Wengine hawakurudi, tuliwazika. Mwisho wa mwaka 2014 serikali ilianza kutoa dawa ya methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika Malindi na Mombasa. Mraibu wa heroini anakwenda kliniki kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya mhudumu, anarudi nyumbani. Dar es Salaam walikuwa wametutangulia, Muhimbili ilianza mwaka 2011. Zanzibar nako kuna nyumba za nafuu zinazoendeshwa na watu ambao wenyewe walitumia wakaacha.

Methadoni haitibu bangi, hiyo ni ya heroini na jamii yake, nisije nikawachanganya. Ninachotaka mchukue ni hiki. Mtu anayekwenda kliniki kila asubuhi, anaonekana, anajulikana kama amekosa siku moja. Aliyefungwa miezi sita akaachiliwa, kuna mtu anajua yuko wapi leo?

Hata huko nje wamefikiri hivyo. Ureno mwaka 2001 waliamua mtu aliyepatikana na dawa kiasi cha kumtosha siku 10 asipelekwe korti ya jinai. Hawakuzihalalisha. Anapelekwa mbele ya jopo dogo la watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii, wanazungumza naye, na anayehitaji matibabu anaelekezwa huko. Nchi haikuporomoka.

Nilisema sababu nyingine ziko serikalini. Hii naomba uiandike mahali. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Miongoni mwa kazi za kaunti, kando na huduma za afya, imeandikwa wazi: kudhibiti dawa za kulevya. Kaunti. Yaani Machakos. Kwa hivyo mwakilishi wadi akija kukuambia mambo ya dawa za kulevya ni ya polisi na Nairobi, mwonyeshe Katiba. Muulize kaunti imetenga pesa ngapi mwaka huu kwa matibabu ya waraibu. Muulize kama mtu wa Kathiani anaweza kumwona mshauri wa uraibu bila kulipa. Kwa sababu vituo vingi vya kurekebisha waraibu nchini ni vya kibinafsi, na bei yake mkulima wa kawaida haiwezi. Hakimu akitaka kumpeleka kijana kwenye matibabu na hakuna mahali pa bure pa kumpeleka, atafanya nini? Atampeleka mahali ambapo daima pana nafasi, hata pakijaa.

Sasa mtu ataondoka hapa na nini? Nawaachia mambo machache ya kufanya, si ya kupigiwa makofi.

Mtoto wa jirani akishikwa, mtu mzima mmoja aende kortini siku ile ya kwanza. Asiende kuhonga wala kupiga kelele. Akae, aonekane. Hakimu akiuliza kama kuna mtu wa familia, mtu asimame.

Mfundishe kijana wako, hata kama havuti, kwamba swali la "kweli ama si kweli" si la kujibiwa kwa haraka ili yaishe. Ana haki ya kueleweshwa mashtaka kwa lugha anayoifahamu, hata kama ni Kikamba. Na akikubali kosa, anaweza kuiomba korti iagize ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya hukumu. Ni sentensi moja tu: "Naomba korti iagize ripoti ya probesheni." Ikariri.

Machifu, walimu wakuu na wasimamizi wa hospitali, msingoje kuulizwa. Mwambieni afisa wa probesheni kazi zilizopo kwenu: vyoo, ua, miche, mitaro. Huduma kwa jamii haiwezi kwenda mahali ambapo hakuna anayetaka kusimamia.

Mzazi, kama mtoto ameshaanza na bado hajashikwa, usingoje polisi wawe daktari wako. NACADA wana laini ya bure, 1192, piga uulize.

Na afisa akija nyumbani kwako kuuliza habari za kijana wa jirani, mpe kiti. Huyo si mpelelezi. Amekuja kuuliza kama kijiji hiki bado kinamhesabu huyu mtu kuwa wake. Jibu unalompa pale uani litasomwa kortini Machakos, na kuna kijana amesimama kizimbani anasubiri kusikia umesema nini.

Kama kuna swali, niko hapa. Na wewe unayesoma, kama kijiji chenu kimewahi kumpokea mtu kwa probesheni ama huduma kwa jamii, tuandikie ilivyokwenda, iwe vizuri ama vibaya. Wengine wanahitaji kujua.